Maji Yaliyolala

Meneja ndiye aliyeanza kujikuna. Alikuwa samaki mnene wa rangi ya chungwa, mwenye tumbo la mtu asiyelipia chakula chake, na kwa kawaida alizunguka tangini taratibu akikagua kila kona kama anayetafuta wa kumfukuza kazi. Asubuhi hiyo alikuwa anajitupa kwenye jiwe, anajisugua ubavu, anarudi nyuma, anajitupa tena. Bi Kola alikuwa amesimama na kikombe cha chai mkononi na mkoba tayari begani. Akasahau chai, akasahau na saa.

Alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Kwenye mapezi ya Meneja kulikuwa na vitone vyeupe, vidogo sana, kama mtu amemnyunyizia chumvi. Akamtafuta Bi Harusi, yule mweupe anayeburura mapezi yake kila aendako, na alipogeuka akaviona na kwake. Mapacha walikuwa wanne, wadogo, wenye mstari mwekundu ubavuni. Hao walikuwa wamejikusanya kwenye kona karibu na hita, mapezi wameyakunja, wanahema upesi upesi.

"Mama," akaita, "samaki wanaumwa."

Mama mkwe wake alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mahali alipokaa tangu macho yalipoanza kumtupa mkono. Sasa aliona mwanga na vivuli tu, na hata vivuli vyenyewe ilibidi visogee ndipo avione.

"Wanaumwa nini?"

"Wametoka vipele vyeupe."

"Tetekuwanga," bibi yule akasema bila kufikiri mara mbili. "Usiwaache wajikune. Wakijikuna watabaki na makovu."

Bi Kola akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Ilikuwa Jumatatu. Alihesabu haraka kwa vidole, akaona amebakiza siku sita.

Mume wake alipiga simu kila Jumapili, saa kumi jioni. Alikuwa mlinzi wa ghala kubwa katika nchi ya mbali, na huu ulikuwa mwaka wake wa nne huko. Simu ikiita, Bi Kola aliipokea, wakajuliana hali, kisha mume akasema, "Haya, niweke hapo." Hapo palikuwa mbele ya tangi. Aliisimamisha simu, akaiegemeza kwenye bakuli la sukari, na mume wake akakaa kimya nusu saa nzima akiwatazama samaki aliowanunua mwenyewe wakiwa wadogo kama punje za mahindi. Yeye Bi Kola huku nyuma akakunja nguo, akaosha vyombo, akapita na kurudi. Mwisho mume aliongea na mama yake dakika mbili, na mkewe dakika moja. "Haya mke wangu, tutaongea." Mwanzoni haikuwa hivyo. Mwanzoni walizungumza mpaka simu ikapata joto, na samaki walionyeshwa mwishoni, kwa kuaga. Hakuna aliyejua ni Jumapili ipi mambo yalipogeuka. Ila Bi Kola alijua jambo moja, na hakuwahi kumwambia mtu: siku samaki wakiondoka, hakuna tena cha kumfanya mtu huyo apige simu.

*

Daktari hakuwa daktari, wala hakuwahi hata kukaribia kuwa. Aliuza samaki wa mapambo, chakula cha kuku na mifuniko ya masufuria katika kibanda kimoja, na alivaa koti jeupe kwa ajili ya vumbi la pumba. Jina lilimjia lenyewe kwa sababu ya koti, naye hakulikataa.

"Kama chumvi?" akauliza.

"Kama chumvi."

"Na wanajisugua?"

"Tangu asubuhi."

"Basi hicho ni kidudu, mama. Kaa hapo nikueleze, maana watu wengi wananunua dawa kwangu, wanawaua samaki wao wenyewe, halafu wanakuja kunitukana mimi." Akamsogezea ndoo iliyofudikizwa. "Kitone unachokiona ni kidudu kimejichimbia chini ya ngozi ya samaki. Kimejifunika, kinakula. Huko dawa haikifikii, hata ukimwaga pipa zima."

"Sasa dawa ya nini?"

"Ya kukingoja. Kikishiba kinamwacha samaki, kinashuka chini kwenye mchanga, kinajifungia, kinazaa. Siyo watoto wawili watatu kama mimi na wewe. Mamia! Wale watoto wakitoka kwenda kutafuta samaki wa kumkalia, hapo ndipo dawa inawakuta njiani."

Bi Kola aliitikia kwa kichwa. Alikuwa hana mtoto, si wawili wala mmoja, lakini hakuona haja ya kumsahihisha.

"Kwa hiyo vitone vikiisha, ndiyo wamepona?"

"Hapo sasa! Hapo ndipo watu wanapoumbuka. Siku ya nne, ya tano, ngozi safi, mtu anafurahi, anaacha dawa. Kumbe vidudu havijafa, vimekwenda kuzaa. Vikirudi havirudi peke yao. Siku kumi, mama. Usipunguze hata moja."

Akampa chupa ndogo ya dawa ya kijani na masharti yake. Aongeze moto wa hita kidogo, ili kidudu kifanye haraka kutoka. Atie matone kila baada ya siku moja. Azime taa na kulifunika tangi kwa blanketi, kwa sababu dawa ile mwanga unaiua. Na kila anapotia matone apunguze maji kwanza, aongeze mengine.

"Lakini yawe yamelala."

"Maji?"

"Maji yalale, ndiyo. Haya ya bomba yametiwa dawa ya kuua vijidudu vyetu sisi, na siku hizi wanatia bila huruma, si unasikia harufu? Samaki inamuunguza mashavu, anakosa pumzi. Kinga leo, acha ndoo wazi, ile dawa iruke. Kesho ndiyo unawapa. Na siku ya kumi toa nusu nzima, mimina yaliyolala, usiipitishe. Dawa ya kijani ikipitiliza, hao wadogo haitawaacha."

Bi Kola alirudi nyumbani akiyarudia maneno yale kimoyomoyo. Akakinga ndoo nne, akazipanga bafuni. Akafunika tangi kwa blanketi la kitanda chake, lile zito, kwa kuwa siku hizo alilala peke yake na shuka lilimtosha.

*

Kazini walimwita Bi Kola kwa sababu kwa miaka tisa hakuwahi kushona kitu kingine ila kola za mashati ya shule. Mwili wa shati haukuwa wake. Mikono ilikuwa ya mwanamke aliyekaa kushoto kwake, na vifungo vilikuwa vya mzee mmoja mwenye kikohozi. Shati likipita mezani kwake lilikuwa halina shingo, likitoka lina shingo, basi. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na mashati yalirundikana kila upande.

Siku ya pili alijikaza kisabuni, akaenda kwa msimamizi.

"Naomba niwe natoka nusu saa kabla, siku kumi tu. Nina mgonjwa nyumbani."

"Mama mkwe?"

Angeweza kusema ndiyo, na mambo yangeisha hapo. Lakini kumsingizia ugonjwa bibi yule mzima wa afya, anayemngoja kila jioni kwenye kiti chake, aliona ni kumtakia mabaya.

"Samaki," akasema.

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alijaribu kweli kujizuia, lakini cherehani mbili tatu zilikuwa zimenyamaza kusikiliza, na kicheko kikaanzia huko. "Samaki?"

"Wa kufuga. Wana dawa inayotiwa kwa saa."

"Mwenzetu anauguza samaki!" mwanamke wa mikono akapaza sauti. "Umempelekea uji? Au anataka supu?"

"Supu ya nani sasa, ya nduguye?" mzee wa vifungo akadakia, na kikohozi kikamkamata palepale kwa kucheka.

"Nikikupa wewe ruhusa ya samaki," msimamizi akasema akijifuta macho, "kesho huyu ataniomba ya kuku, na yule ya paka. Mgonjwa wa damu, sawa. Wa mapezi, hapana. Rudi ukae."

Alirudi akakaa. Kuanzia siku ile kila asubuhi aliulizwa habari za wodini, naye akajibu "wanaendelea vizuri" akitabasamu, kwa kuwa akinuna ndiyo wangezidi. Masikio yalimwaka moto mpaka saa ya chai. Hakuna hata mmoja katika chumba kile aliyewahi kumuuliza habari za mume wake. Za samaki waliuliza wote.

*

Siku ya nne, alipochungulia asubuhi chini ya blanketi, vitone vilikuwa vimepungua. Siku ya tano havikuwapo kabisa. Meneja alikuwa anazunguka na tumbo lake, Mapacha wametawanyika. Mkono ulimwasha kulivua blanketi. Alikumbuka maneno ya Daktari, akaliacha, na jioni akatia matone kama kawaida.

Jumapili, siku ya saba, simu iliita saa kumi kamili.

"Haya, niweke hapo," mume akasema.

"Leo hutaona kitu. Nimewafunika."

"Umewafunika? Kwa nini?"

"Wamelazwa."

Mume wake akacheka. Bi Kola alikuwa ameisahau sauti hiyo. Hata mama mkwe aligeuza kichwa kule dirishani.

"Wamelazwa wodi gani? Hebu niambie vizuri, wana nini?"

Akamwambia. Alimweleza kidudu na ngozi, mchanga na watoto mamia, hita, blanketi. Mume aliuliza maswali, na kila swali lilizaa lingine. Matone mangapi? Saa ngapi? Siku hizi unatoka kazini saa ngapi? Na Jumamosi bado wanawashikilia mpaka jioni? Nani anakusaidia kubeba maji? Alimjibu yote, amesimama katikati ya sebule na simu mbele ya uso wake, na ilimjia kwamba huu ulikuwa mwaka wa pili tangu mume wake amtazame usoni kwa muda mrefu namna hii. Alijuta hakujifunga kilemba kipya.

"Umekonda," mume akasema.

"Ni simu tu."

"Labda."

Kisha maswali yakaisha. Walitazamana. Nyuma ya mume kulikuwa na ukuta mweupe, na kwa mbali mashine iliyolia kila inaporudi nyuma. Bi Kola alitafuta la kusema. Alikuwa nayo mengi siku za kazi, akishona kola, lakini sasa yote yalionekana madogo, hayastahili kusafirishwa mbali kiasi hicho. Mume naye alijikuna kidevu, akatazama pembeni, mahali ambapo huenda palikuwa na saa.

"Haya basi," akasema. "Wakipona tutaongea vizuri. Mpe mama."

Alimpa mama. Na usiku kucha na siku zilizofuata alilishika neno hilo moja, wakipona. Alilisikia lina ahadi ndani yake. Aliona Jumapili ijayo atalivua blanketi, samaki watang'aa, mume atafurahi, na furaha ile haitakwisha yote kwenye kioo. Itabaki kidogo ya kumfikia na yeye.

*

Siku ya kumi ilikuwa Jumatano. Saa nane mchana msimamizi alisimama katikati ya chumba, akatangaza kwamba mzigo wa shule tatu unatakiwa kesho asubuhi na hakuna atakayetoka kabla haujaisha. Bi Kola alikuwa amepanga kufika nyumbani saa kumi na mbili, atoe nusu ya maji, amimine yaliyolala, amalize kazi. Sasa hakujua atafika saa ngapi, na Mapacha walikuwa hawana mwili wa kuvumilia. Aliomba kwenda chooni, akapiga simu humo, uso ukutani, mgongo ameupa mlango.

Mama mkwe alipokea haraka. Alikuwa na simu ndogo ya vitufe, na ilimlilia kwa nadra.

"Mama, nisikilize vizuri, nina haraka. Utaweza kunisaidia na samaki?"

"Nitashindwaje? Niambie."

"Chukua jagi. Toa maji ya kwenye tangi mpaka yafike nusu, uyamwage. Pima kwa mkono. Halafu nenda bafuni, kuna ndoo nne. Ni maji yaliyolala."

"Yaliyolala?"

"Ndiyo, yamelala tangu jana. Yamimine yote, mama. Taratibu, yasikuangukie."

"Yote nimimine?"

"Yote. Blanketi lirudishe." Mlango ukagongwa, msimamizi akaita, "Kola! Umezaa humo?" Akakata simu.

Siku zote hizo kumi Bi Kola alikuwa amekinga maji, amelaza maji, amebeba maji, akipita mbele ya kiti cha bibi yule mara mbili kwa siku. Hakumweleza hata mara moja ni kwa nini. Hakuna aliyemzuia kueleza. Ni kwamba katika nyumba ile watu walikuwa wamepoteza desturi ya kuelezana.

Alifika nyumbani saa moja kasoro, kazi iliisha mapema kuliko alivyoogopa. Taa ya sebuleni ilikuwa haijawashwa. Mama mkwe hakuwa kwenye kiti chake cha siku zote. Alikuwa amevuta kigoda, amekaa kando ya tangi, nguo imelowa mpaka magotini, na uso wake umechangamka kama wa mtu aliyetoka kazini.

"Umerudi! Nimemaliza zamani. Nimechoka, lakini nimemaliza. Na nikuambie kitu? Wametulia. Mwanzo niliwasikia wanarukaruka, wanagonga kioo, nikajua wamefurahi. Sasa wametulia kabisa. Hata kujikuna hawajikuni."

Bi Kola alisimama pale mlangoni. Harufu ilikuwa imejaa sebuleni, ile harufu kali ya bomba, ya sakafu za hospitali.

"Mama," akasema polepole, "umewawekea maji gani?"

"Masafi. Yale yaliyolala niliyamimina yote kwenye shimo la bafu kama ulivyoniambia. Nikakinga mapya, yanakuja kwa nguvu leo, nikawajazia. Nilijua tu ungesema hivyo. Mgonjwa hapewi maji yaliyolala, hata chakula kilicholala hapewi. Mama yangu mzazi angenichapa."

Bi Kola alilivua blanketi. Walikuwa juu ya maji wote sita. Bi Harusi alikuwa amelala ubavu, mapezi yamefunguka. Meneja alikuwa tumbo juu. Alimgeuza kwa kidole, akamtazama huku na huku kwa mwanga wa simu yake. Alitafuta kwenye mapezi, kwenye mkia, kwenye mashavu yaliyokuwa mekundu kupita kiasi. Doa halikuwapo hata moja. Walikuwa wamepona. Walikufa wamepona.

"Wakoje?" bibi yule akauliza. Alikuwa ameinua uso na anatabasamu kidogo, anangoja kusifiwa.

Maneno yalimjaa Bi Kola kinywani, na yalikuwa makali. Nilisema umimine, sikusema umwage. Siku kumi nimechekwa kwa ajili yao. Unajua ulichoniulia? Alitazama ile nguo iliyolowa. Alitazama mikono iliyopapasa ukuta kutoka bafuni mpaka hapa, na jagi, mara ishirini au zaidi, bila kumwaga sana. Akayameza.

"Mama," akasema, "wamekufa."

Tabasamu likabaki kidogo usoni pa yule bibi, halikujua pa kwenda. "Wamekufa? Nani?"

"Wote."

"Lakini… wamekufa saa hii?"

"Ugonjwa ulikuwa umewazidi. Daktari alisema siku ya kumi ndiyo mbaya. Njoo nikubadilishe nguo, utashikwa na baridi."

*

Jumapili mume aliposema "niweke hapo," mkewe hakusogea. Tangi alikuwa ameshalisafisha. Mchanga ulikuwa umekaushwa, upo kwenye mfuko nyuma ya mlango.

"Wamekufa," akasema.

"Meneja?"

"Wote."

"Na Mapacha?"

"Nao."

Mashine ya kule ghalani ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Mume wake alikuwa anatazama chini.

"Si ulisema wanapona? Si ulisema madoa yamekwisha?"

"Yalikwisha. Nilikosea mimi. Niliwatilia maji ya bomba, hayajalala. Nilikuwa na haraka ya kazi, nikasahau. Maji ndiyo yaliyowaua, siyo ugonjwa."

Kule dirishani kiti kililia. Mama mkwe alikuwa ameshika mikono ya kiti kama anayetaka kuinuka, kinywa kiko wazi. Bi Kola alimwona, akamwinulia mkono kumtuliza, akasahau kwamba hauonekani.

"Miaka minne," mume akasema. Hakufoka. Afadhali angefoka. "Nakaa humu peke yangu na makontena, sijui ni mchana sijui ni usiku. Jumapili nawaona hao, naona na kile kitambaa cha meza, nasikia unaosha vyombo. Najua nyumba bado ipo."

"Nyumba ipo," akasema Bi Kola. "Mimi nipo. Mama yupo."

"Najua."

Alisema najua, na kweli alijua. Lakini alilisema kama mtu anayekubali hesabu ya dukani. Bi Kola akangoja lingine. Aliusogeza uso karibu na simu, kama alivyofanya kwenye kioo siku ile ya kwanza.

"Tunaweza kununua wengine," akasema. "Daktari anao."

"Hapana. Acha. Haya, tutaongea."

"Mwanangu!" mama mkwe akaita, ameshasimama, anapapasa hewani. "Nipe niseme naye! Nipe hiyo simu! Ni mimi, mwanangu, ni mimi niliye…"

"Amekata, mama."

Bibi yule alibaki amesimama katikati ya sebule. Hakuna aliyesema neno la maji, wala siku ile wala zilizofuata. Ila usiku huo alipopelekwa kitandani aliushika mkono wa mkwewe, akaupapasa vidole kimoja kimoja, vile vyenye sugu za sindano, na alichukua muda kuuachia.

*

Jumapili iliyofuata Bi Kola alifua nguo zote za nyumba ile, hata zilizokuwa safi. Alipika, akafagia, akapanga kabati. Simu ilikuwa mezani, imejaa chaji, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Mama mkwe alikaa dirishani tangu alipomaliza kula, kimya, kichwa amekielekeza mezani.

Saa kumi ikafika. Ikapita. Bi Kola aliinua simu akaitazama kama ina mtandao. Ulikuwapo. Alijaribu kupiga yeye, ikaita mpaka ikachoka. Hakujaribu tena. Alikaa kwenye kochi na mikono mapajani, na katika miaka tisa ya kola na minne ya kungoja hakuwahi kuiona sebule ile kubwa namna hiyo.

Saa kumi na moja na nusu jua lilihama dirishani. Bibi yule alihisi joto linamtoka shingoni, naye alijua vizuri huwa ni saa ngapi likimtoka.

"Simu haijaita," akasema.

"Haijaita, mama."

"Labda kazi."

"Labda."

Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo Bi Kola hakuwahi kuisikia kwake, "Kwani leo siku gani, mwanangu?"

Bi Kola alitazama ule uso uliogeuzwa kwake, macho yanatafuta kivuli kinachosogea. Ulikuwa uso wa mtu aliyekaa wiki nzima na hatia peke yake, gizani, bila kumgawia mwenzake.

"Jumamosi," akasema.

Mama mkwe alipiga hesabu yake. Jumamosi Bi Kola alikuwa kiwandani mpaka jioni, miaka yote. Leo alikuwa nyumbani tangu asubuhi. Bibi yule alikuwa amesikia kila ndoo iliyojazwa, kila nguo iliyokung'utwa, kila hatua.

"Jumamosi," akarudia. "Ona kichwa changu. Mimi nilishahesabu Jumapili." Akakitengeneza kitambaa mapajani. "Na wewe wamekupa mapumziko leo, eh?"

"Ndiyo, mama. Leo wametupumzisha."

"Wamefanya vizuri. Unachoka sana. Basi njoo ukae huku."

Bi Kola alivuta kigoda mpaka dirishani, akakaa karibu naye, magoti yakagusana. Wakaanza wote wawili kuingoja Jumapili.